Hopsi za Sir, Mbege ya Binti Yangu

Kuna watu huchagua mke kwa haraka kuliko mwajiri wangu alivyochagua hopsi. Hopsi ni maua makavu ya kijani ambayo Waingereza huyatia kwenye bia iwe chungu. Ile bia ya kwao aliyokuwa akiililia huitwa bita, na uchungu usipokuwa wa sawasawa, aliniambia, hiyo si bita. Hapo nilimwelewa. Kwetu Kilimanjaro mbege, pombe yetu ya ndizi, nayo hutiwa msesewe, gamba la mti, ipate ukali. Ila bibi yangu hakuwahi kukosa usingizi kwa ajili ya gamba.

Nilikuwa mtumishi wa ndani kwenye fleti yake, Al Jaddaf. Madam, mkewe, alikuwa amekimbilia kwao kulikwepa joto, na jiko likabaki mikononi mwa sir. Kupika bia nyumbani Dubai ni kosa, kwa hiyo madirisha yalifungwa, upenyo wa mlango ukazibwa kwa taulo, na mimi nikaoga mvuke. Polisi wangegonga, nilijua nani angetangulia kupandishwa ndege. Hopsi zenyewe zilikuja ndani ya soksi za marafiki zake waliotoka likizo, zikajaa kwenye friza hadi samaki wangu wakakosa pa kukaa.

"Nusa," alikuwa akiniambia, pakiti moja mkono huu, nyingine mkono ule. "Ipi?"

"Ya kushoto, sir."

Kila siku ya kushoto. Sikunusa hata mara moja. Naye alifumba macho na kutikisa kichwa. "Umeona eeh? Ina udongo udongo, na asali kwa mbali." Kisha alichukua pakiti nyingine mbili, nami nikarudia ya kushoto.

Ningecheka zaidi kama likizo yangu isingefungwa kwenye pipa la bia yake. Binti yangu alikuwa anaposwa. Katika ukoo wetu, wakwe wakileta mbege ya posa, mama wa binti ndiye huonja kwanza. Asipoonja, mitungi inakaa na posa inangoja. Sir aliniahidi nitakwenda bita ikishaiva, maana alitaka niwahudumie wenzake watakaokuja kuionja. Paspoti yangu alinihifadhia kwenye droo ya sebuleni, kwa wema wake. Pipa la kwanza lilinukia machungwa, akalimwaga huku akifoka kwamba bita si sharubati. La pili akasema uchungu wake ni wa Kimarekani, nalo likaenda na maji. Kila pipa lilipomwagwa, likizo yangu ilimwagwa nalo. Nikimuuliza, alijibu inshallah. Ndicho Kiarabu pekee alichojifunza, na alikitumia kwangu tu.

"Inshallah gani hiyo?" alinicheka rafiki yangu wa Mombasa, aliyekuwa amepanga kitanda mtaa wa Karama. "Khalas, basi tena, shoga yangu. Huyo akuzungusha tu."

Wakwe hawakungoja hopsi za mtu. Walitoka Rombo na mitungi yao Jumamosi ileile pipa la tatu lilipoiva. Nilikuwa nimebeba sinia la glasi mbele ya wageni wa sir wakati simu ilipoita kwenye aproni yangu. Nikaweka sinia mezani. Alikuwa kaka yangu, kwa video. Nyuma yake niliona wazee wa suti, mitungi, na binti yangu ameinamisha kichwa.

"Dada, wazee wanataka kuahirisha," alisema. "Wewe hupo, nani aonje?"

Sir alikuwa amesimama akiwahutubia wenzake kuhusu hopsi alizochagua, na hakuna aliyekuwa ameruhusiwa kuonja.

"Mpe mkeo kata ya mbege," nikamwambia kaka. "Anywe kwa niaba yangu, na mimi nakunywa hapa, wote wanione."

Nikachukua glasi ya kwanza, ile ya sir mwenyewe, nikaisogeza mbele ya simu, nikainywa yote. Ilikuwa vuguvugu, chungu kama shubiri.

"Nimeonja," nikasema. "Nimepokea."

Vigelegele vikalipuka kutoka kwenye simu vikajaza sebule. Wageni wakadhani vinaisifu bia, wakapiga makofi. Sir akawa mwekundu kwa furaha, akainama mara mbili.

"Waambie," akasema, mkono begani kwangu. "Tulichagua hopsi zipi?"

"Za pakiti ya kushoto, sir. Na paspoti yangu iko droo ya kulia. Posa imepita bila mimi, harusi nakwenda."

Makofi yakaisha. Sir akacheka, akasema inshallah, akajikuta anacheka peke yake. Mgeni mmoja akauliza paspoti ya nani inakaa kwenye droo. Wote wakageuka kuitazama, na sir akaenda kuifungua.

Harusi sikuihudhuria kwa simu.