Kiganja Kimoja Mbele

Wenceslaus wa Cheyo alikuwa mtu wa genge la reli, mmoja wa wale waliokuwa wakinyanyua mataruma na vyuma kwenye njia ya Mwanza enzi ya Mwingereza. Mikono ndiyo iliyomlisha yeye na mkewe Josepha. Sasa hebu fikirini: mkono wa kushoto ukabanwa na reli, gumba likavunjika, akakaa nyumbani masika nzima. Gumba lilipopona, halikukunjika tena sawasawa.

Siku aliyorudi kazini, nyapara Omari alimwonyesha ekseli ya toroli, chuma cha mviringo chenye gurudumu kila upande, imelala juani kwenye kokoto.

"Inyanyue mpaka mapajani, usimame wima. Ikikushinda, gengeni hurudi. Utamwangushia mwenzio chuma mguuni."

Omari alikuwa Mzaramo, Wenceslaus Mnyamwezi, na makabila hayo ni watani tangu zama za misafara ya pembe za ndovu. Omari akaanza utani.

"Babu zako walibeba pembe mpaka Bagamoyo. Wewe hata kuitoa chini?"

"Walibeba, na babu zako wakawangoja pwani wawauzie maji ya chumvi!"

Watu wakacheka. Wenceslaus naye akacheka, akaisogelea ekseli.

Asubuhi Josepha alikuwa amempaka nta viganjani, nta ya nyuki kutoka kwa kaka yake wa Kwihara. Nyumbani, alipojaribu kwa mchi, ilinata vizuri mno. Ila mchi haushindi juani kama ile ekseli. Akainama, akashika kama genge zima lilivyozoea, viganja vyote viwili vikitazama mapaja. Nta ikayeyuka. Ekseli ikazunguka ndani ya vidole vya kushoto, ikaanguka hata magotini haijafika.

"Jamani, Mnyamwezi kaja na mafuta ya kukaangia!" akasema Omari.

Wenceslaus akasugua viganja kwa mchanga mpaka vikawaka moto. Mwenzake wa gengeni, Anton, akamnong'oneza, "Libane gumba chini ya vidole." Akajaribu kidogo tu, gumba likapiga kelele kwa maumivu, akaachia. Akakitazama kile chuma. Hakikuwa kimemshinda uzito, kilimponyoka kwa kuzunguka. Basi akaugeuza mkono wa kushoto, kiganja kikatazama mbele, wa kulia akauacha ulivyo.

"Huyo sasa anakinga uji," akasema Omari.

"Nitilie na sukari, nyapara."

Akakaza mgongo, akasukuma ardhi kwa miguu. Chuma kilipotaka kuutoroka mkono mmoja, ule mwingine ukakizuia. Kikapita magoti. Akasimama wima, ekseli imetulia mapajani kama mtoto aliyeshiba.

"Haya, tua."

Hakutua.

"Tua, bwana! Nimeona!"

"Niache kidogo, mtani. Niache nikae nayo."

Alipoitua chini hatimaye, akaketi palepale kwenye kokoto huku akicheka, machozi yanamtoka, pumzi aliyokuwa ameibana tangu masika ikitoka yote. Anton akamletea maji katika kopo. Akanywa nusu, nusu akajimwagia kichwani.

"Basi inuka," Omari akasema, sauti imelainika. "Wenzio wanapakia mataruma. Na viganja vyako vigeuze utakavyo, mimi nataka chuma kipande juu."

Wenceslaus akainuka. Walipomaliza mataruma na kufika kwenye reli ya kwanza, akainama pamoja na wenzake, kiganja kimoja mbele, kimoja nyuma, na hakuna aliyegeuka kumtazama.