Kuku Asiye na Firigisi

Jirani yangu hapa Ruangwa ana mazoea ya kukaanga bizari nyembamba kwenye kikaango kikavu, na kila harufu ile inapovuka ua, hasira hunipanda. Yeye hajanikosea, maskini. Harufu yenyewe ndiyo inanirudisha kwetu Mtua, kwa kuku mmoja aliyetutesa nyumba nzima nikiwa darasa la nne.

Baba alikuwa ametoka hospitali. Presha ilimwangusha kwenye shamba la ufuta, mkono wa kushoto ukawa mzito, na daktari akamwambia mafuta sasa basi. Tangu hapo tulikula mboga za kuchemsha mpaka nikawaonea wivu mbuzi, maana wao walau walichagua majani. Baba alinuna. Akila matonge mawili anasukuma sahani, anasema hicho chakula cha matanga.

Mama akachoka. Akaona kwenye simu mapishi ya kuku wa Kimeksiko, mwepesi, hana mafuta: nyama inachemshwa, inachambuliwa nyuzinyuzi, inachanganywa na nyanya, pilipili, bizari na ndimu, halafu inaviringishwa kwenye chapati za mahindi. Jamani, sisi na Meksiko wapi na wapi? Lakini mama akishaamua, ameamua.

Baba alimchinja jogoo mwenyewe, mimi nikimshikia mabawa, akaenda kukaa mkekani kusubiri. Kuku wa kwenye simu aliiva upesi tu. Jogoo wetu alichemka tangu adhuhuri mpaka alasiri, na bado alikuwa anabisha. Mama alipomtoa ngozi na kumtupia paka, bibi mzaa baba, aliyekuwa anapepeta mahindi pembeni, akauliza tangu lini kuku anavuliwa nguo. Chapati nazo zikagoma kukunjika, kila moja ikapasuka katikati. Bibi akasema huo ni ugali umepotea njia. Mwiko wa mama ukagonga sufuria kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

Nanyi mnajua, kwetu kuku haliwi hivihivi, anagawiwa. Firigisi ya mwenye nyumba, paja la mgeni, kidari cha bibi, na mimi na shingo yangu. Siku ile kila mtu alipakuliwa rundo la nyuzi nyekundu zinazofanana. Nilikasirika, natafuta shingo siioni. Baba naye aligeuzageuza chakula kwa kidole, kisha akauliza firigisi iko wapi.

Mama akasema ameikatakata humo humo, sote tutaipata.

Baba aliurudisha mkono mapajani. "Mmeshanirithi," akasema, "na mimi bado hai."

Bibi akaacha kutafuna. Mama alikuwa amesimama na sufuria mkononi, macho mekundu kwa moshi, na sauti iliyomtoka sikuwahi kuisikia.

"Kula, Baba Somoe. Ukila hii, mwakani nakupa firigisi nzima. Usipokula, mwakani hiyo firigisi nimpe nani?"

Baba alikaa ameinamisha kichwa. Baadaye akamega kipande cha chapati iliyopasuka, akachota nyama, akala. Alikula amenuna, akilalamika kwamba ndimu imezidi, mpaka sahani ikabaki nyeupe.

Mimi nilimwona mama mkorofi. Mtu mgonjwa ameulizia kitu kidogo kama kidole gumba, anafokewa mbele ya mama yake mzazi! Nilimnunia mama siku kadhaa, na yeye wala hakuwa na muda wa kugundua.

Nimekuja kuolewa huku Ruangwa, na mwaka jana mume wangu alipimwa, naye akakutwa na presha. Hasikii. Ukimkataza chumvi anacheka, anasema siku zikifika zimefika. Juzi nilimnyang'anya kopo la chumvi mbele ya wageni, nikafoka mpaka wanangu wakaacha kula wakanikodolea macho, na niliyajua macho yale. Sauti yangu ilikuwa kali, lakini moyoni nilikuwa namwomba asiniache. Ndipo nilipojua kwamba siku ile mama, pale alipokuwa anamfokea baba, alikuwa anambembeleza.