Ardis na Injini Isiyobadilishwa Oili

Ardis Nygaard alipika chakula cha wanafunzi miaka thelathini na mmoja, akastaafu, na tangu hapo gereji yake haijaingia gari. Imejaa mashine za kukata nyasi za mji mzima zinazoletwa azitengeneze, zile za kusukuma, zimelala ubavu kama ng'ombe wanaocheua. Ni bibi wa miaka sabini na miwili, na mikono yake inanuka petroli hata kanisani.

Mashine yake mwenyewe ni ya mwaka 1986, nyekundu iliyopauka, injini chuma tupu. Hiyo hamwazimi mtu. Atakupa gari lake kwanza.

Ijumaa moja ya Juni, jirani yake Gaylen Brekke alikuja akisukuma mashine iliyokuwa na umri wa viangazi vitatu tu. Kesho yake, saa saba mchana, nusu ya mji ingejaa uwanjani kwake kumpongeza binti yake, Britta, kwa kumaliza shule. Mvua ilikuwa imenyesha wiki mbili, nyasi zimevuka vifundo vya miguu. Siku ya kwanza ya jua, mashine ikagonga mara tatu, ikanyamaza.

"Imekufa, Ardis."

"Haijafa, imeuawa. Oili ulibadilisha lini?"

"Stika inasema haibadilishwi. Unaongeza tu."

"Stika! Na stika ikisema usioge, utatii?"

"Mke wangu angegundua."

Ardis akacheka, akaifungua. Oili ilitoka nzito kama lami. Ndani kulikuwa na gia ya plastiki, nusu ya meno yake yamelika. Akaigeuza kwenye mwanga, macho yamemtoka.

"Ona wepesi wake! Kijiko cha aiskrimu kina nguvu kuliko hii."

"Itapona?"

"Gia peke yake haiuzwi. Injini nzima ni karibu bei ya mashine mpya, na dukani mashine zimekwisha. Wote mmeziua wiki moja."

Gaylen akatazama viatu vyake. Ardis akaitazama ile nyekundu yake. "Basi chukua yangu."

"Aa, hapana, nisikusumbue."

"Chukua, bwana."

"Hapana, hapana, nitatafuta njia."

Kwao Minnesota, asiyekataa mara mbili hakulelewa; ya tatu ndiyo hupokelewa. Gaylen akasimama akiingoja ya tatu. Lakini Ardis alikuwa amekwisha zama ndani ya injini, anahesabu meno yaliyobaki huku akinung'unika. Gaylen akakohoa. Akasema leo kuna jua zuri. Akaenda zake.

Asubuhi, kahawa mkononi, Ardis alichungulia dirishani. Gaylen alikuwa amepiga magoti anakata nyasi kwa mkasi wa maua, na Britta anazoa nyuma yake.

"Mtu mkaidi huyu, si nilimpa?" akajisemea. Akahesabu kwa vidole: mara moja, mara mbili... Kikombe kikasimama hewani. "Ole wangu! Ya tatu sikumpa!"

Kwenda kumpa sasa kungekuwa kumwambia kwamba ameonekana akiwa amepiga magoti. Basi hakubisha hodi. Alivuta kamba mara moja, injini ikanguruma, akaingia uwanjani kwa jirani na kuanza mstari wa kwanza, ameangalia mbele kama amepotea njia.

Gaylen akaja mbio na mkasi wake. "Ardis! Aa, usijisumbue!"

"Sikusikii! Kelele!"

"Nimesema usijisumbue!"

"Ndiyo, jua zuri!"

Britta akaketi kwenye nyasi, akacheka mpaka akashika mbavu.

Mstari wa saba ulipokwisha, magoti ya Ardis yakamwambia basi. Akautazama mpini, akamtazama Gaylen, akasogea kando. Gaylen akaushika kwa mikono miwili, na safari hii hakukataa hata mara moja.

Saa tano uwanja mzima ulikuwa umenyolewa, isipokuwa ukanda mmoja karibu na uzio. Gaylen anasukuma, na Ardis yuko ubavuni mwake hatua kwa hatua, kama mama anayempeleka mtoto shule siku ya kwanza.

"Taratibu hapo, kuna jiwe."

"Ardis, huu uwanja wangu. Mawe yangu nayajua."

"Wewe unayajua," Ardis akasema, akiipapasa mashine. "Yeye hayajui."