Mota Isiyopiga Kelele

Aliyetaka kumuudhi Semboja alimwambia kwamba ile mota aliichagua vibaya. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho, akatema mate pembeni, kisha akauliza, "Wewe ulikuwepo?" Na kwa kuwa wengi wetu hatukuwepo, maneno yaliishia hapo.

Semboja alikuwa mvushaji kwenye mto Pangani, chini kidogo ya mashamba ya mkonge ya Ngombezi. Uhuru ulimkuta na upondo mkononi, ule mti mrefu wa kusukumia mtumbwi, Azimio la Arusha likamkuta na upondo uleule, ila mtumbwi ulikuwa wa pili. Upande huu Korogwe, upande ule Handeni, na katikati yeye, anayejua mchanga umehamia wapi tangu juzi.

Pale kivukoni palikuwa na sheria yake. Ukifika ng'ambo unaita "Mvushaji!", unataja jina lako na kilichokuleta, naye anaitika kabla hajasukuma mtumbwi. Baba, mjomba, shemeji, hayo yaache nyumbani. Aliiweka sheria hiyo baada ya shemeji yake mmoja kuutumia ushemeji kumtangulia mgonjwa. Hata Hamisa, mkewe wa ndoa, akitoka kwao na kapu la mihogo alisimama ng'ambo na kuita, "Mvushaji! Ni Hamisa, narudi nyumbani." Watu walicheka, lakini aliita. Ah, siku zile mto ulikuwa na habari zote kabla ya redio, na mtu hakuvuka bila kujulikana anakwenda wapi na kwa nini.

Mwaka sabini na nne tukahamishiwa kwenye kijiji cha ujamaa, nyumba zikapangwa mstari kama mkonge, na mtumbwi ukawa mali ya kijiji. Haukupita muda, kiwanda cha mkonge kikawa kinasafisha stoo ya meneja wa zamani, Mzungu aliyependa kuvua samaki kuliko kazi iliyomleta. Humo stoo mlikuwa na mashine mbili za mtumbwi. Kijiji chetu kingepewa moja, na kijiji jirani ile itakayobaki. Kamati ikasema achague anayeyajua maji.

Semboja alikwenda na mwenyekiti wa kijiji, Mdoe, mtu mwema aliyependa vitu vinavyoonekana. Fundi umeme wa kiwanda, Yordani, akaijaribu kwanza injini ya petroli kwenye pipa la maji. Ilikuwa nyekundu, na ilipowaka makarani walitoka ofisini kuuliza kuna nini. Mdoe alijaa furaha mpaka machoni.

Kisha Yordani akatumbukiza ile ya pili, kijimota chembamba chenye mpini kama wa jembe, akakiunganisha na betri ya lori. Maji yakazunguka. Zaidi ya hapo walisikika kuku wa jirani tu.

"Imewaka?" Mdoe akauliza.

"Imewaka, Mwenyekiti. Mzungu aliitumia kuwanyemelea samaki. Lakini niseme ukweli, mzee Semboja, hii ni ya maji yaliyotulia. Masika itakushinda. Na betri utaniletea niichaji kila baada ya siku mbili."

Semboja aliuliza swali moja tu. "Ile nyekundu ikiunguruma, mtu akiita ng'ambo nitamsikia?"

Yordani akacheka. "Mzee wangu, hata ukijiita mwenyewe hutajisikia."

"Basi nachukua hii."

Kwenye kamati alisema petroli ni ya shida, na kweli mwaka ule ilikuwa ya shida, hakuna aliyembishia. Lakini hiyo haikuwa sababu. Sababu ilikuwa Zuena. Katika watoto wanne wa Semboja na Hamisa alibaki huyo mmoja, naye alikuwa ameolewa ng'ambo, mwendo wa siku nzima kuelekea Handeni, na sasa alikuwa na mimba ya kwanza. Uzazi wa kwanza binti huja kujifungulia kwa mama yake. Angekuja, lakini siku haijulikani, na Semboja aliogopa kwamba atasimama pale na tumbo lake, aite, na baba yake awe juu ya maji amezibwa masikio na injini. Aliogopa hivyo mpaka usingizi ukamkimbia. Mwanamume wa umri wake angeisimamiaje kamati na kuieleza jambo kama hilo?

Tulimtania tukachoka. Kisioki, mfugaji aliyekuwa akivuka na ngozi zake kwenda kuuza Korogwe, aliitazama mota safari nzima kisha akasema, "Kitu kinachofanya kazi bila kusema, mimi sikiamini." Semboja hakujali. Alifunga betri kwenye baiskeli, akaenda nayo Ngombezi na kurudi, na mtoni alikaa kitako kama bwana mkubwa, mkono mmoja kwenye mpini.

Hapo ndipo alipokosea. Paa la jiko la Hamisa, kama mapaa mengi yaliyojengwa kwa haraka mwaka ule, lilikuwa limeanza kubonyea. Semboja akauchukua upondo wake na kulitegemeza nao.

"Na mto ukijaa?" Hamisa aliuliza.

"Mto sasa una mota, mke wangu."

Masika ilikuja na maji mekundu na magogo. Alasiri moja Semboja alikuwa akipita taratibu kando ya ukingo wetu, kwenye maji mapole, akikagua migono yake ya kutegea samaki. Mota ilikuwa ikizunguka kimya. Akasikia sauti kutoka ng'ambo, nyembamba, juu ya kishindo cha mto. Haikusema mvushaji.

"Baba."

Alimwona Zuena ameinama, ameshika mti, na mumewe Athuman pembeni na mzigo kichwani. Akageuza mtumbwi na kuifungulia mota mpaka mwisho. Ilijitahidi, maskini. Katikati ya mto maji yakaubeba mtumbwi ubavu ubavu, na Mungu tu ndiye aliyemrudisha kwenye matete ya upande aliotoka. Akaruka, akakimbia nyumbani, akaingia jikoni na kuung'oa upondo. Paa likashuka nyuma yake. Hamisa akatoka na nyasi kichwani na mwiko mkononi, akaona kilichobebwa, wala hakuuliza habari za jiko.

"Ni yeye?"

"Ni yeye."

Hamisa akatupa mwiko, akachukua kafi. Alizaliwa mtoni huyo, ingawa tulikuwa tumesahau. Alikaa mbele, mumewe akasimama nyuma na upondo, wakauvuka mto uliokuwa umewazuia watu tangu juzi. Kurudi, Zuena alilala miguuni pa mama yake huku Athuman akichota maji yaliyoingia. Mtoto alizaliwa jioni ileile, jikoni kwa jirani, kwa kuwa kwao jiko halikuwepo tena. Alikuwa wa kike, akaitwa Mwaija.

Ndiyo, ile nyekundu ingemvusha mara moja. Hilo tulilisema wote, na kijiji jirani kilikuwa nayo kutukumbusha. Mota yetu ilirudi Ngombezi, upondo ukarudi mtoni, na sheria ya kivuko ikaendelea. Zuena alikuwa mtoto mtiifu. Alipokuja tena na Mwaija mgongoni, alisimama ng'ambo akaita inavyopasa, "Mvushaji! Ni Zuena, namleta mtoto amsalimie bibi yake."

Semboja alikuwa kwenye mtumbwi, upondo mkononi, anamwona wazi. Hakuitika. Binti akaita tena, jina na shida, na mzee akabaki vilevile, ametega sikio, akingoja. Ndipo Zuena akaelewa. Akamweka mtoto vizuri mgongoni, akaita lile neno moja, na mtumbwi ukaondoka.