Usikanyage Nyasi

Dereva alistaafu akiwa na hamu moja tu: kukanyaga nyasi. Miaka yote aliyoendesha gari la mkurugenzi, aliegesha kando ya bustani ya ofisi yenye ukoka laini, na mbele yake kibao: USIKANYAGE NYASI. Akimsubiri bosi atoke kwenye vikao visivyoisha, alikisoma kibao kile mpaka akakichukia. Akaapa kwamba nyumbani kwake atapanda ukoka wake, aukanyage kutwa, tena pekupeku.

Tatizo, uwanja ulikuwa na mwenyewe. Katikati ulisimama mfenesi alioupanda mkewe walipohamia pale, na chini yake, tangu asubuhi mpaka jua lizame, mke huyo alikaa na cherehani yake akishona. Joto la kwao si la mchezo; mchana shati linagandia mwilini na ndani hapakaliki. Wateja nao walipapenda pale kivulini, wakipiga soga huku wakisubiri nguo zao.

Dereva akaenda kwa muuza miche, akaagiza ukoka wa majani membamba kama ule wa ofisini. Muuza miche alimuuliza uwanja wake unapata jua kiasi gani. Dereva, ambaye hakupenda kuulizwa maswali na mtu asiye trafiki, alijibu kwamba jua liko tele. Mfenesi hakuutaja.

Aliupanda kwa mistari iliyonyooka, akaumwagilia kila jioni kwa mapenzi. Pembezoni, penye jua, ukashika vizuri. Chini ya mti ukakonda, ukaota ukungu, ukafa. Akapanda tena, ukafa tena. Alirudi kwa muuza miche amevimba, na hapo ndipo habari ya mfenesi ilipomtoka. Muuza miche alicheka kidogo, kisha akamweleza bila kumsimanga: ule mwembamba unavumilia joto na vishindo, lakini kivuli haukiwezi, na kumwagilia jioni, katika hewa yenye unyevu namna ile, ni kuualika ukungu. Ama apunguze mti, ama achukue ule wa majani mapana, ambao kivuli kwake si neno mradi usikatwe chini sana.

Majani mapana? Dereva alisema yeye hafugi ng'ombe. Akapitia kwa jirani, akaazima shoka.

Mkewe alimwona akiingia nalo, wala hakusimamisha cherehani.

"Baba watoto, kata tu," alisema. "Ila nionyeshe kwanza mimi nitakaa wapi."

Dereva akatazama huku na huku. Sebuleni ni tanuri. Barazani jua linaingia mpaka jioni. Akatazama juu kwenye matawi, akagundua kwamba hata yeye, tangu aingie, alikuwa amesimama kivulini. Aliona haya, haya ya kweli. Shoka likarudi kwa jirani siku ileile.

Ule wa majani mapana ukapandwa bila mbwembwe, ukamwagiliwa asubuhi. Mvua zilipoanza ulitambaa mpaka kwenye mkeka wa mkewe, kijani kilichokoza. Dereva akapanga matofali ya kupitia toka getini hadi kwenye cherehani. Hata kuukata aliukata akiwa amesimama juu ya ubao, eti asiuumize, na kila mgeni aliambiwa kwamba wazo la majani mapana lilikuwa lake tangu mwanzo.

Siku moja mteja akaja kuchukua gauni, akayaacha matofali, akakatiza moja kwa moja katikati ya ukoka.

"Mama, usikanyage nyasi!" Dereva alifoka.

Mteja akasimama palepale. Dereva naye akabaki mdomo wazi, maana maneno yale aliyajua yalikotoka. Safari hii mkewe alisimamisha cherehani. Akavua kandambili, akashuka mkekani, akasimama kwenye ukoka kwa nyayo zake mbili.

"Na mimi je?" aliuliza.

Tangu aupande, hata Dereva mwenyewe alikuwa hajaukanyaga. Akainama, akaanza kufungua kamba za viatu.