Pasi ya Kutazama Meru

Safari hii ilianzia kwenye swali la mtoto. Nilikuwa napiga randa ubao wa mlango nje ya nyumba yetu, binti yangu Wawira akicheza na maranda, akaniuliza: "Baba, watu wa ng'ambo ya handaki wanalala wapi?" Alikuwa na miaka sita. Kijiji chetu karibu na Karurumo kilikuwa kama vijiji vyote vya Embu siku zile za Hali ya Hatari, serikali ya kikoloni ilipotukusanya: handaki pande zote, miti iliyochongwa ncha ndani yake, na geti moja lililofungwa kabla ya jua kuzama. Wawira aliletwa humo akiwa hajaanza kusema vizuri. Ndugu yake Nyaga, wa miaka minne, alizaliwa humo humo. Mimi, kwa sababu ya useremala, nilikuwa na kitabu cha pasi na niliruhusiwa kwenda kutafuta kazi na mbao. Watoto hawakuwa wamefika hata Runyenjes, mji wa karibu. Niliona aibu, nawaambia. Nikamwambia mke wangu Igoki kwamba lazima hawa watoto waione Meru.

"Na nani amekufa Meru?" akauliza Igoki.

Hilo ndilo swali ambalo hata karani wa pasi aliniuliza. Watu walisafiri kwa sababu ya msiba, ugonjwa, kazi au kesi. Nikamwambia karani hakuna aliyekufa, hakuna mgonjwa, tunakwenda kutazama tu. Alicheka mpaka akaweka kalamu chini. Lakini mambo yalikuwa yameanza kulegea mwaka ule, naye nilikuwa nimemtengenezea kitanda kisicholia. Akaandika mbele ya neno "Sababu": *Kutazama Meru.* Siku tatu, mke na watoto wawili. Nikarudi nyumbani nikijigamba kwamba mimi ndiye mtu pekee katika wilaya nzima aliyesafiri na ukweli mfukoni.

Sikujua kwamba Igoki hakuuamini ukweli huo. Jioni ile, nilipokwenda kuaga majirani, aliwaketisha watoto akawafundisha la kusema iwapo askari yeyote atawauliza. Alifanya kama mama wote walivyofanya siku zile.

Alhamisi asubuhi, geti lilipofunguliwa, tulikuwa wa kwanza kutoka. Mama yangu, ambaye tuliishi naye nyumba moja na ambaye hubeba mzigo wa kuni unaonishinda mimi, alitusindikiza hadi getini. Tulichukua nduma za kuchemsha, ndizi za kuchoma na kibuyu cha uji, kwa maana hoteli si mambo yetu. Basi la kutoka Embu likaja na vumbi lake. Kondakta alikubali watoto wakae bure tukiwapakata. Wawira alikubali. Nyaga alisema yeye si mtoto, akakaa juu ya gunia la maharagwe la mtu, na hapo akabaki akiwa ameshika mkia wa kuku aliyefungwa miguu.

Kwenye mto Thuci, Embu inapoishia na Meru kuanza, palikuwa na kizuizi cha mti uliolazwa barabarani. Wote tulishuka tukapanga mstari. Askari alikuwa mwanamume mrefu, koti lake limepauka mabegani. Alisoma pasi yangu, akasoma tena.

"Kutazama Meru," akasema. "Hii ni kazi gani? Unaenda kuona nini na hakuna mtu amekufa?"

"Tunatazama nchi tu, afande. Watoto hawajawahi kuona."

Akaniangalia, kisha akainama kwa Wawira. "Wewe mama, mnaenda wapi?"

Wawira akasimama wima. "Tunaenda kumwona nyanya. Anaumwa na mgongo."

"Anaumwa sana," akaongeza Nyaga. "Hawezi kuamka."

Nikamtazama Igoki, naye alikuwa akitazama vidole vyake vya miguu, nikaelewa yote.

"Pasi moja, safari mbili," askari akasema. Nilijaribu kueleza, akaniinulia mkono. Akawaangalia watoto. Nyaga alikuwa bado na unyoya wa kuku mkononi. Kisha akasema: "Sikia, fundi. Jumamosi mkirudi mimi niko hapa. Sitakuuliza wewe. Nitauliza huyu msichana ameona nini. Akiniambia tena nyanya, hii pasi naipeleka ofisini, na wewe utaifuata huko. Na usimfundishe. Nitajua tu."

Mti ukainuliwa. Mnafahamu maana ya seremala asiye na pasi? Ni mtu wa kukaa ndani ya handaki akitengenezea jirani viti ambavyo jirani hawezi kulipia. Na hiyo ni kama ofisini wangeniachia niondoke.

Tulipokaribia Chuka, Igoki akanong'ona, "Baba Wawira, nisamehe. Nilidhani nawalinda." Nilikuwa na hasira, siwafichi, lakini sauti yake ilizimaliza. Nikamwambia watoto wana macho, kazi yao ni kuyafungua tu. Kumbe hapo ndipo taabu yangu ilipoanza.

Mlima ulijifunua karibu na Chuka, upande wa kushoto, mweupe kichwani, bila hata kiwingu. Abiria wote waligeuka. Wawira alikuwa ameinama chini ya kiti akimlisha kuku wa watu nduma yangu. "Wawira, tazama mlima!" Akatazama mara moja. "Nimeuona," akasema, akarudi kwa kuku.

Adhuhuri tulifika korongo la mto Nithi. Barabara hushuka huko kwa kujipindapinda, na upande wa pili hupanda vilevile. Dereva aliwaomba wanaume wote washuke, tupande kilima kwa miguu, maana basi lilikuwa limezeeka kifua. Wanawake na watoto walikuwa na ruhusa ya kubaki, lakini wanangu waliruka nje kabla sijawazuia. Tukapanda nyuma ya basi, tukilisukuma mahali palipotelezesha, mzee mmoja wa Kichuka akituongoza kwa wimbo wa kuvuta magogo, na kila lilipopiga chafya Nyaga aliliambia "pole". Tulicheka mpaka nguvu zikatuishia. Mimi mwenyewe, kwa saa nzima, nilisahau kizuizi.

Alasiri tuliingia mji wa Meru. Mwenyeji wetu alikuwa Mzee Athumani, mfanyabiashara wa ngozi, Mwislamu, ambaye miaka ya nyuma nilimtengenezea rafu za duka. Mkewe, Bi Zuhura, alitupokea kwa chai ya tangawizi na mahamri, watoto wakala kimya kama watu walio kazini. Hapo adhana ikaadhiniwa. Wawira akaacha kutafuna.

"Anamwita nani?" akauliza.

"Anaita kila mtu," Mzee Athumani akamjibu.

"Hata mimi?"

"Hata wewe. Lakini maliza mahamri kwanza."

Ijumaa ndiyo ilikuwa siku yetu kubwa. Tulizunguka sokoni, tukatazama cherehani zikishona kwenye baraza za maduka, tukatazama milango. Niruhusuni niseme kwamba mlango wa duka moja la pale una bawaba ambazo sijaziona tena mpaka leo. Nilimwonyesha Wawira kila kitu: maofisi, bendera, lori jipya. Aliitikia kwa kichwa, kwa adabu. Nilikuwa nikimwonyesha vitu vya kumpendeza askari, na nadhani mtoto alinusa hivyo.

Alasiri Mzee Athumani akatupeleka ukingoni mwa msitu, juu kidogo ya mji. Barabarani palikuwa na mavi ya ndovu, mabichi, bado yanafuka moshi. Basi! Watoto walipiga kelele. Wakayazunguka, wakachuchumaa, Nyaga akapima na miguu yake miwili akasema hayaingii kikapuni. Nusu saa hatukuweza kuwaondoa. Nilimwambia Igoki, "Nimepotea. Nimempandisha mtoto basi mpaka Meru, na ataiambia serikali ameona mavi." Igoki alicheka mpaka akashika mti. Ilikuwa mara yake ya kwanza kucheka tangu Thuci, nami nikafurahi kuliko nilivyoogopa.

Jumamosi tuliondoka mapema ili tuwahi geti. Nkubu, mji mdogo wa njiani, palikuwa panamwaga mvua. Basi liliposimama kupakia ndizi, Wawira alishuka kuchungulia, akateleza, akalala kifudifudi katika tope. Mama mmoja mwuza ndizi alimwinua akimwita mjukuu wake, akampa ndizi mbivu. Gauni la Wawira, moja tu la safari, lilikuwa jekundu kwa tope tangu shingo hadi pindo. Igoki, ambaye hupiga pasi hata vitambaa vya kufutia vyombo, alitaka kulia.

Saa tisa tukafika Thuci. Askari alikuwa pale. Alinitambua kabla sijatoa pasi.

"Haya, mama," akamwambia Wawira. "Umeona nini?"

Wawira akajificha nyuma ya kanga ya mama yake. Nilitaka kusema kitu, nikauma ulimi. Askari akaweka bunduki begani vizuri, akachuchumaa. Ndipo akaliona lile gauni.

"Hii ni nini?"

"Nilianguka," Wawira akasema polepole. "Nkubu."

"Nkubu wapi?"

"Pale wanauza ndizi. Kuna mvua. Mama mmoja aliniinua, akanipa ndizi, akacheka. Hana meno ya hapa." Akaonyesha ya mbele.

Askari akasogea karibu. "Mvua ni kubwa?"

"Kubwa sana."

"Na mahindi? Yamefika wapi?"

Wawira akafikiri, akatoka nyuma ya kanga, akaweka kiganja shingoni mwake. "Hapa." Kisha, kwa kuwa mlango ulikuwa umefunguka, akamwaga yote: kuku, basi linalopiga chafya, mtu anayeita kila mtu, na mavi ya ndovu. Nyaga akaonyesha ukubwa kwa mikono yote miwili, akaanguka chali. Abiria wakaangua kicheko. Dereva akapiga honi, na askari, bila kugeuka, akamwambia, "Ngoja! Mtoto anaongea."

Alipoinuka macho yake yalikuwa yamelowa, wala hakuyaficha. "Kwetu ni Nkubu," akaniambia. "Mwaka wa pili sasa sijapewa likizo. Nilikuwa sijui kama kumenyesha." Akaligusa tope la gauni kwa kidole, akachukua pasi yangu, na chini ya yale maneno ya karani, *Kutazama Meru*, akaandika kwa herufi kubwa: *WAMETAZAMA.*

Nilipokuwa napanda basi nilimwonea huruma kwa mara ya kwanza. Nilidhani handaki limetuzunguka sisi tu. Kumbe aliyekuwa akiinua ule mti alikuwa akiwafungulia watu wote njia ya kwao isipokuwa yeye. Pasi zilifutwa baadaye, lakini ile ninayo mpaka leo, imo ndani ya sanduku la randa zangu. Na nikiwapeleka wajukuu mahali, siwaonyeshi kitu. Nawaacha waone.

Tulifika kijijini jua likiwa bado juu ya miti. Mama yangu alikuwa anatungoja getini, mzigo wa kuni mgongoni. Nyaga akatoka mbio, akamkumbatia magoti.

"Nyanya! Umepona?"

Mama akatutazama mmoja mmoja. "Niliugua lini mimi?"

Nikamwachia Igoki ajibu. Alimtua mama mzigo ule, akajitwika mwenyewe, akasema, "Umepona, mama. Na hutaugua tena."