Kadi ya Picha kwenye Turubai la Mpunga

Aibu hii niliifanya mwenyewe, mchana kweupe, kwa elimu yangu ya kidato cha nne, kwa hiyo bora mnicheke nikiisimulia mimi kuliko mkaipata kwa mama.

Miaka ya tisini ilikuwa inaishia. Mjomba alikuwa na ofisi ya kuchapa barua Ifakara mjini, kioo cha kompyuta yake kikawa giza, kaka yangu fundi akatuma kutoka Dar kadi ya picha, kile kibao cha ndani ya kompyuta kinachopeleka picha kwenye kioo, tena siyo ya hivihivi, na mjomba akaniahidi kwamba nikiifunga ikawaka, kiti cha kompyuta ni changu (kazi ya kukaa kivulini, mimi ambaye hata sokoni nilikuwa nakwenda kwa kusukumwa). Kikaratasi kilichokuja na kadi nilikikariri kama katekisimu: kumbukumbu megabaiti thelathini na mbili, rangi milioni kumi na sita na ushee, feni yake yenyewe mgongoni. Chini kabisa kikaonya: isipate unyevu. Na boksi lilikuwa limelowa mvua njiani. Basi nikafanya anachofanya kila mtu kwetu na kitu chenye unyevu, nikaianika, kwenye turubai, pembeni ya mpunga wa mama, nikaingia ndani kujilaza kidogo. Mama akaja akaugeuza mpunga kwa miguu kama kawaida yake, kuku nao wakachakura, mimi nikaamka, nikaifuta juujuu, nikapanda baiskeli.

Ofisini wateja walikuwa wanasubiri barua zao. Nikaifunga, nikawasha, picha ikatokea inang'aa mpaka mjomba akavua miwani, nami nikasimama kuwatajia sifa zake kwa kichwa, na nilipofika kwenye feni, feni ikalia krrr, ikanyamaza, ikaja harufu ya mchele unaokaangwa, kioo kikajaa mistari ya kijani, kikazimika.

Mjomba akaichomoa, akachokoa kwa njiti ya kiberiti, akaweka mezani punje moja, mbili, nne. Mzee mmoja wa kijiji cha Idete, aliyefuata barua ya shamba lake, akazigeuza kwa kidole.

"Binti, hizi ndizo megabaiti?"

"Shikamoo babu," nikasema.

"Marahaba. Hazijakauka vizuri."

Mjomba akairudisha, akawasha. Rangi zote milioni kumi na sita zikarudi, na nasema hadi leo, bonde letu zima halikuwa na kadi kama ile. Kiti nikapewa, kwa sharti kwamba kila asubuhi nikung'ute khanga nje kabla ya kuingia, nami niliikung'uta huku kichwa kiko juu.

Siku hizi wanangu wananiambia simu ikilowa niifukie kwenye mchele. Nawaambia waifukie wao, mimi nilishamaliza zamu yangu.